Mabadiliko Yanahitaji Waitikiaji

Mwaka huu umenibadilisha nipende nisipende. Kazi niliyoifanya tangu ujana wangu imekwisha, wanangu wameoa na kuolewa, na nyumba yetu hapa Temeke imebaki na vyumba visivyo na watu. Wengi wamenishauri nijiwekee malengo na nisome vitabu vya kujiendeleza. Ushauri huo ni mwema, lakini wote unamtaka mtu ageuke peke yake, mlango umefungwa, nami nimekuja kuamini kwamba mtu mzima hageuki hivyo.

Imani hii nimeipata kwa shangazi yangu wa Kisarawe, ambaye ni fundi wa ngoma za tiba. Nimemfuata kilingeni, mahali anapotibia, kwa miaka mingi, si kama mgonjwa wala mganga, bali kama mmoja wa wanaoitikia nyimbo. Kilingeni mgonjwa haji peke yake, huletwa na ndugu zake. Huogeshwa vuo la majani, hufukizwa ubani na udi, kisha hufunikwa shuka. Ngoma zikikolea na pepo akapanda, fundi huanza kumuuliza: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini? Hapo maneno ambayo mwanamke mgonjwa hakuthubutu kuyatamka mbele ya mumewe au mama mkwe wake husemwa waziwazi kwa kinywa cha pepo, na waliohudhuria huyapokea kwa wimbo. Mara nyingi pepo hafukuzwi. Hupatanishwa na kiti wake, yaani mtu aliyempanda, hupewa chano, sinia la sadaka yake, na nguo ya rangi aitakayo, na tangu usiku huo ndugu wanakuwa wamejifunga, mbele ya mashahidi, kuishi na mtu wao kwa namna nyingine.

Mtafiti wa Marekani John Janzen, aliyechunguza ngoma za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika miji kadhaa ya Afrika, ikiwemo Dar es Salaam na Kinshasa, alionyesha kwamba mgonjwa huingizwa hatua kwa hatua katika kundi la walioteseka kama yeye, na baadhi yao huishia kuwa waganga. Ndiyo njia aliyopita shangazi: aliugua, akachezewa, akafundwa, na leo anawachezea wengine.

Wazaramo walimtendea mwali vivyo hivyo. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akapewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti, akitunze kama mtoto. Akafundwa chini ya mti wa mkole, na mwisho akatolewa nje kwa ngoma ili kila mtu amwone kwamba si yule wa jana. Mambo hayo yalichunguzwa kwa kina na Marja-Liisa Swantz wa Finland, aliyeishi miongoni mwa Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960.

Huko Marekani, mwanaanthropolojia Michael Harner alichukua desturi za waganga wa mataifa mbalimbali akazifanya somo ambalo mtu yeyote anaweza kujifunza: unalala, unafumba macho, unasikiliza mdundo mmoja wa ngoma, roho inasafiri. Sina sababu ya kuwadharau waliopata nafuu kwa njia hiyo. Hata hivyo, mtu anayesikiliza ngoma iliyorekodiwa hana wa kumwitikia, na anapofumbua macho, mumewe na jirani zake bado wanamjua kwa hali yake ya zamani.

Nayasema haya nikiujua ubaya uliofanywa kwa jina la uganga. Ramli chonganishi zimevunja koo, na mauaji ya watu wenye ualbino yaliifanya serikali iwapige marufuku wapiga ramli mnamo Januari 2015. Sheria ya mwaka 2002 ilikwisha kuweka baraza la kuwasajili waganga, na ninaona ni haki kabisa wasimamiwe. Shangazi ana mwiko mmoja ninaouheshimu kuliko dawa zake zote: hamtajii mtu adui. Anayekuja akitaka kujua nani kamroga, humrudisha nyumbani.

Mimi sina pepo, na ninaswali. Kwa hiyo nilipokwenda kumwamkia shangazi nilimweleza kwamba sitaki kupandishwa, ninachoomba ni kukaa ndani kwake kwa muda, kuogeshwa, kisha kutoka mbele ya watu wangu na kuwaambia ninaacha nini na ninaanza nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, majani ni kazi ndogo. Niletee wanao wote na wakwe zako, maana wao ndio wenye kazi. Usipowaleta, sikuogeshi."

Nimewapigia simu wote. Kijana wangu mkubwa, ambaye hajawahi kuingia kilingeni, aliuliza kama naye atalazimika kuimba. Nimemwambia ndiyo, na jioni hii nimeanza kumfundisha kiitikio.