Danieli Alisoma Miaka Mitatu

Masomo ya wiki: Danieli 1:1–20, Luka 2:41–52

Wapendwa katika Bwana, shule za sekondari zimefunguliwa baada ya likizo ya mwezi wa sita, na katika nyumba nyingi za waumini ripoti ya muhula wa kwanza bado imekunjwa juu ya kabati, kwa sababu hakuna anayetaka kuizungumzia tena. Mtoto aliyemaliza darasa la saba akishika nafasi ya pili au ya tatu shuleni kwao amerudi kutoka kidato cha kwanza na F ya Hisabati, D ya Fizikia na D ya Historia. Wazazi wamesema waliyoyasema, na mtoto mwenyewe ameanza kutamka maneno ambayo hakuwahi kuyatamka alipokuwa shule ya msingi: "Mimi sina akili." Ningependa tuyapime maneno hayo mbele za Mungu wiki hii, kwa kuwa ninaamini si ya kweli, na kwa kuwa yanawavunja vijana wetu moyo mapema mno, wangali na miaka mitatu na nusu mbele yao.

Danieli na wenzake walichukuliwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli katika siku za mfalme Yehoyakimu, yapata mwaka 605 kabla ya Kristo. Sura ile tumezoea kuihubiri kwa ajili ya chakula cha mfalme, na kitabu chote kwa ajili ya tanuru la moto na tundu la simba, hata tunapita haraka juu ya mistari ya nne na ya tano, ambamo mfalme anaagiza vijana hao wafundishwe elimu ya Wakaldayo na lugha yao kwa muda wa miaka mitatu. Hebu tusimame hapo. Hawa walikuwa vijana waliochaguliwa kwa sababu ya wepesi wao wa kuelewa. Nyumbani kwao walikuwa wa mbele. Wakafika Babeli na kujikuta wanaanza upya, katika lugha ya wageni, chini ya walimu wasiomjua Mungu wao, huku hata majina yao yakibadilishwa. Aliyezoea herufi 22 za Kiebrania alikutana na maandishi yenye alama mamia kwa mamia, yaliyoandikwa kwa kugandamiza kijiti cha tete katika udongo mbichi. Wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua huko vibao vingi vya udongo vya wanafunzi, vyenye alama zilizorudiwa na kurudiwa na mikono iliyokuwa bado haijazoea. Maandiko hayatuelezi alama ambazo Danieli alizipata katika muhula wake wa kwanza, lakini ni vigumu kuamini kwamba siku ya kwanza darasani aliondoka akiwa ameelewa kila kitu.

Watoto wetu wa Tanzania wanaotoka shule za msingi za serikali wanaifahamu safari hiyo. Kwa miaka saba wamesoma sayansi, hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo mojawapo tu. Wanafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu sahihi. Kisha, mwezi wa kwanza, wanavaa sare mpya, na karibu kila somo isipokuwa Kiswahili linafundishwa kwa Kiingereza, linaandikwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, na jibu halichaguliwi tena, bali linaelezwa kwa sentensi na hoja. Kwa hiyo ile D ya Historia inaweza kuwa D ya lugha. Mtoto anajua vizuri kwa nini Kinjeketile Ngwale aliwapa watu maji mwaka 1905 na kwa nini walimwamini, na ukimwuliza jioni mkiwa mnachambua mchele atakusimulia mpaka umalize. Kinachomshinda ni kulisimulia jambo hilo katika lugha aliyoanza kuitumia darasani miezi sita iliyopita. Kumwambia mtoto wa namna hiyo kwamba hana akili ni kumshuhudia uongo.

Hata hivyo, lugha si tatizo pekee, na hapa ninawaomba wanafunzi wenyewe wanisikilize kwa uvumilivu. Wengi wenu mmeingia sekondari na namna ile ile ya kusoma iliyowavusha darasa la saba, yaani kunakili, kukariri na kusubiri swali lije kama lilivyoandikwa ubaoni. Binti mmoja wa kidato cha pili katika ushirika wetu alinionyesha daftari lake la Baiolojia. Vichwa vya habari viliandikwa kwa wino mwekundu na kupigiwa mstari kwa rula, wala hapakuwa na kosa la tahajia, kwa kuwa kila neno lilitoka ubaoni. Alifumba macho akanitajia maana ya usanisinuru, yaani namna mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, nyasi zilizofunikwa na ndoo nyuma ya nyumba wiki nzima zinakuwaje?" Akajibu bila kusita kwamba zinakuwa za njano na dhaifu, maana hazipati jua. Nilipomwuliza kama hilo linahusiana na maneno aliyokuwa ameyatamka, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe ndiyo hiyo hiyo?" Alikuwa na maarifa mawili ndani yake ambayo hayakuwahi kukutana. Juhudi yake ilikuwa kubwa kuliko ya wengi, ila ilikuwa inakwenda mahali pasipomsaidia.

Sasa turudi kwenye Danieli 1:17, ambapo tunaambiwa kwamba Mungu aliwapa vijana wale wanne maarifa na ujuzi katika elimu yote na hekima. Mstari huo unanukuliwa sana katika maombi ya kabla ya mitihani, na ni halali kuunukuu, lakini tuuone mahali ulipo. Umewekwa kati ya agizo la miaka mitatu na siku ya kusimama mbele ya mfalme. Mungu aliwapa maarifa wakiwa wanafunzi, katika kusoma kwao, wala hakuwaondolea hata mwaka mmoja wa masomo. Kuna desturi ya kuombea kalamu na kuzipaka mafuta wiki ya mtihani wa taifa. Siwezi kumkataza mtu kumwomba Mungu juu ya chochote. Ninachokataa ni mtoto kuruhusiwa kuamini kwamba kalamu iliyoombewa mwezi wa kumi na moja itaandika kile ambacho daftari lilikifungia tangu mwezi wa pili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko nako ni ibada kama tukikufanya kwa ajili ya Bwana.

Basi kuinama kwenyewe kukoje? Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Wanafunzi walipewa habari fupi za kusoma. Baadhi ya habari walizisoma mara mbili. Nyingine walizisoma mara moja, kisha wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulishinda: asilimia 81 dhidi ya 75. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja, habari walizozirudia kwa macho walizikumbuka kwa asilimia 42, na zile walizojipima nazo kwa asilimia 56. Yaani kurudia kusoma kunampa mtu hisia ya kujua usiku ule ule, na hisia hiyo ndiyo inayotudanganya, kwa maana mtihani hauji baada ya dakika tano.

Chukua, kwa hiyo, ukurasa mmoja wa Jiografia. Usome kwa makini mara moja, ukitafuta katika kamusi maneno mawili au matatu yanayokuzuia. Funga daftari. Kwenye karatasi chakavu andika yote unayoyakumbuka, kwa Kiingereza chako hicho hicho kinachokwama, bila kutafuta ufasaha kwanza. Pale neno linapokosekana andika la Kiswahili na uendelee. Kisha fungua daftari ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kesho jioni, kabla ya mada mpya, jipime tena ukurasa ule, na baada ya wiki tena. Mara ya kwanza inauma, kwa kuwa ukurasa uliodhani umeumaliza unatoka na mistari minne tu. Usikimbie maumivu hayo. Mistari minne ya kweli ina faida kuliko daftari zima unalolitambua kwa macho tu. Neno la Mungu lenyewe liliagizwa litunzwe kwa namna hii: katika Kumbukumbu la Torati 6 wazazi wa Israeli wanaambiwa wayanene maagizo ya Bwana waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waondokapo, yaani kidogo kidogo, mara nyingi, kwa kinywa.

Kwa Hisabati sina mengi ya kusema. Somo hilo halisomwi kwa macho. Chukua maswali ya mitihani iliyopita, fanya bila kutazama majibu, na pale ulipokosea ujue ni hatua ipi.

Injili ya Luka inatuonyesha jambo lingine ambalo vijana wetu wameliacha kabisa. Yesu akiwa na umri wa miaka 12, umri ambao wengi wenu mlikuwa darasa la sita au la saba, alikutwa hekaluni ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Mwana wa Mungu aliuliza maswali! Luka anamalizia kwa kusema kwamba aliendelea katika hekima na kimo, kwa hiyo hata kwake hekima ilikuwa na ukuaji. Katika madarasa yetu mwanafunzi anaogopa kuuliza kwa sababu Kiingereza chake kitachekwa, na wakati mwingine wanaocheka ni wale wanaoketi naye katika vyama vya wanafunzi Wakristo, kama UKWATA, TYCS au CASFETA, siku ya ibada. Ninawasihi ninyi mnaojiita ndugu katika Kristo: kumcheka mwenzako anayejaribu kusema ni dhambi inayomnyima elimu yake, na inahitaji kutubiwa kama dhambi nyingine. Na kama darasa lina wanafunzi wengi kiasi kwamba mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, andika swali lako umfuate baada ya kipindi. Walimu wengi wanafurahi kuona mwanafunzi aliyekuja na swali mahususi badala ya kusema tu, "Sijaelewa."

Juu ya kukesha, wapo wanaoona fahari kusoma mpaka saa nane usiku baada ya prepo, yaani kipindi cha kujisomea jioni shuleni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili wasisinzie, na kesho yake wanalala katika kipindi cha Kemia. Zaburi 127 inasema ni bure kuamka mapema na kukawia kulala kwa mahangaiko, kwa kuwa Bwana humpa mpenzi wake usingizi. Usingizi ni zawadi, na ubongo unautumia kuyashikiza yale uliyojifunza mchana. Saa moja ya kujipima kila jioni tangu sasa itakupunguzia mikesha yote ya mwezi wa kumi.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Binti anayetoka shule saa kumi, akachota maji, akapika, akaosha vyombo na kumlaza mdogo wake, anafungua daftari saa tatu usiku akiwa amechoka, huku kaka yake amekaa tangu saa kumi na moja. Gawanyeni kazi hizo leo, kabla ya kuulizana juu ya alama. Na mnapoifungua tena ile ripoti iliyoko juu ya kabati, msianze na nafasi darasani wala jina la mtoto wa jirani. Mwulizeni mtoto anasomaje, mwombeni afunge daftari awaeleze mada moja kwa Kiswahili, hata kama ninyi hamkufika sekondari. Hamhitaji kujua Fizikia ili kutambua kama mtu anaelewa anachokisema.

Kuna wale ambao, baada ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, wamelazimika kurudia darasa, na mwaka huu wanaketi na waliokuwa wadogo zao. Baadhi yao wameacha kuja kanisani kwa aibu. Neno la Bwana lilimjia Yona mara ya pili, likiwa na ujumbe ule ule na mji ule ule, na Mungu hakumtafuta nabii mwingine. Ndugu zangu mnaorudia, mwaka huu ni wenu kweli, si adhabu, mradi msiupitie kwa namna ile ile ya mwaka jana. Njooni ibadani, mje na madaftari. Wapo kati yetu walimu wastaafu na wanafunzi wa vyuo walioko likizo ambao wako tayari kuketi nanyi Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya.

Tuombe. Ee Bwana uliyekuwa pamoja na Danieli katika darasa la ugenini, uwakumbuke watoto wetu wanaojifunza kwa lugha ambayo bado ni ngumu midomoni mwao. Uwape ujasiri wa kuinua mkono. Uwatie nguvu walimu wanaosahihisha mamia ya madaftari usiku kwa mshahara usiotosha. Uwafariji wanaorudia darasa, na utupe sisi wazazi na walezi ulimi wa kujenga tunapowapokea jioni. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.