Nzi juu ya kilemba cheupe

Katika jumba la National Gallery, London, ipo picha ya mwanamke wa ukoo wa Hofer, iliyochorwa kusini mwa Ujerumani mnamo 1470 hivi. Mchoraji hajulikani. Kichwani mwanamke amejifunga kilemba cheupe, na juu ya weupe huo ametua nzi. Mkononi ameshika kijiua cha buluu ambacho Wajerumani hukiita "usinisahau". Ua linaomba akumbukwe. Nzi anaeleza sababu ya ombi: kifo.

Kazi hiyo nzi aliipata kihalali: mzoga ukianguka, yeye huwa miongoni mwa wageni wa kwanza. Ndiyo maana mchoraji Barthel Bruyn alimweka juu ya fuvu mwaka 1524, na karibu karne moja baadaye Guercino akafanya vivyo hivyo, akaongeza na panya. Sisi husema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Kwetu anayekufa ni nzi mwenyewe, tena kwa kupenda. Kwa wachoraji hao anayekufa ni wewe unayetazama.

Lakini si kila nzi wa picha ni wa kifo. Wa Petrus Christus, katika picha ya mtawa ya 1446, ametua kwenye ukingo uliochorwa kama fremu, karibu na jina la mchoraji. Huyo, kwa maoni yangu, ni majigambo ya fundi: anataka unyooshe mkono umfukuze. Ukitaka kuwatofautisha, angalia alipotua. Akiwa juu ya fuvu au tunda linalooza, yumo ndani ya picha. Akiwa ukingoni, yuko upande wako. Wa mama Hofer anasomeka kote kuwili, na hapo ndipo utamu wake.

Anayetaka kumchora kwa rangi ya mafuta asubiri kwanza rangi ya chini ikauke kabisa. Ikiwa bado mbichi, miguu itatambaa na kuwa doa. Nzi wa nyumbani ana urefu wa milimita 6 hadi 7. Mchore kwa kipimo hicho hicho, kwa sababu akifika sentimita moja na nusu jicho linagundua hila mara moja. Mbawa ni mbili, si nne, na miguu yote sita hutoka kifuani. Wengi huipachika tumboni, nzi akageuka buibui.

Usitumie nyeusi tupu. Changanya kahawia iliyokolea na buluu, kisha kifuani pitisha michirizi minne myeusi juu ya kijivu. Mbawa zipakwe mwisho kwa rangi iliyozimuliwa sana, ili kitambaa kilicho chini kiendelee kuonekana. Ukizijaza rangi nzito zitafanana na maganda ya kitunguu. Nukta moja ya nyeupe mgongoni inatosha kuleta mng'ao.

Kilichobaki ni kivuli, na hapa ndipo kazi nyingi hufia. Kifuate upande ule ule wa vivuli vingine vya picha, na kiguse ncha za miguu. Kikiachana nazo, nzi anaelea hewani. Kisipokuwepo kabisa, anabaki doa la uchafu ambalo mtu atalisugua kwa kitambaa.