Baba kaniuliza ng'ombe wako wapi

Wadau, mwaka wa pili huu nakatiza Boston Common, ile bustani kubwa ya katikati ya jiji la Boston, Marekani, kila asubuhi, nashuka treni Park Street natokea juu kichwa chini, baridi hiyo, nawahi shifti, hata benchi sijawahi kukalia. Jumapili nikampigia baba kwa video nikamgeuzia kamera aone bustani, nikajua atasema pazuri, mzee katulia weee kisha akauliza, "Mwanangu, majani yote hayo, ng'ombe wako wapi?"

Nilicheka mpaka mbwa wa watu wakanigeukia. Ila nikaanza kusoma habari za pale na kumbe mzee hajakosea aisee! Walowezi wa Kiingereza walilinunua eneo 1634 kwa William Blackstone, ekari kama 50 hivi, kwa ajili ya malisho na mazoezi ya kijeshi, kila mtu anashusha wake, wenye mifugo mingi wakajaza ya kwao mpaka majani yakaisha (tunawajua watu wa aina hiyo), 1646 ikabidi waweke kikomo, ng'ombe 70 basi. Ng'ombe walikuja kupigwa marufuku kabisa 1830. Na watu walikuwa wananyongwa humohumo, Mary Dyer walimnyonga 1660 kosa lake ni dhehebu tu, Mkweka, dhehebu la Kikristo walilokuwa wamelipiga marufuku, wakamfukuza akarudi.

Kilichonishika zaidi ni ile sanamu ya shaba ya 1897 inayotazamana na bunge la jimbo. Kanali Shaw, mzungu, yuko juu ya farasi, mimi macho yangu kwa wale weusi wanaotembea kwa miguu, kikosi cha 54 cha Massachusetts, kila mmoja na sura yake, huyu mzee ana ndevu, yule katoto kabisa, chupa za maji zinaning'inia kiunoni. Hao waliahidiwa mshahara sawa na wazungu, dola 13 kwa mwezi, wakaletewa 10 na humo tena 3 zinakatwa za nguo, wakagoma kupokea hata senti, wakaendelea kupigana Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani bila mshahara zaidi ya mwaka mpaka 1864 wakalipwa haki yao. Na mimi mwezi jana nimekatwa masaa mawili nikasema tu asante bosi.

Jana nikampigia tena baba kumpa majibu. Kasikiliza yote, wanajeshi, kunyongwa, kila kitu, mwisho akasema, "Sabini wachache, majani yale mia wanakaa."