Mkono Ulioishia Begani

Juzi binti yangu alikuwa akicheza na wenzake ule mchezo wao wa ofisi. Yeye ndiye bosi, kama kawaida. Nikamsikia akimkemea mwenzake: "Bosi haulizwi!" Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. Maneno hayo sikuwahi kuyatamka kazini, ila kuna mwaka mzima niliishi hivyo.

Mnajua nilivyokuwa enzi zile. Kampuni ndiyo kwanza inachipua, tumetoka watu 5 hadi 9 ndani ya miezi michache, na mimi natamba. Kuna hesabu sikuipiga. Watu 5, ukiwaoanisha wawili wawili, wana njia 10 za kuzungumza. Watu 9 wana 36. Nami nilitaka zote zipitie kwangu. Kikao cha Jumatatu kilikuwa cha dakika 15, na 12 kati ya hizo zilikuwa zangu.

Alhamisi usiku tukaendesha programu ya kufuta akaunti zilizolala. Kulipokucha, wateja wetu wa mwanzo kabisa, wale waliotuamini tukiwa si kitu, hawakuwemo kwenye mfumo. Walijisajili kabla hatujaanza kuweka kumbukumbu ya lini mtu ameingia mara ya mwisho. Programu ilipokuta nafasi tupu, ikawahesabu kuwa wamelala tangu zama za kale. Nakala ya akiba ilikuwepo, ya siku tatu nyuma. Mengine ni simu za kuomba radhi na wikendi iliyopotea.

Ninachokikumbuka hasa ni kile chumba. Nilisimama mlangoni nikauliza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole: "Kuna aliyejua?"

Kimya. Mwenzangu niliyeanzisha naye kampuni alikuwa akifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Mmoja akainamia viatu vyake. Ndipo kijana wetu mdogo kuliko wote, wiki yake ya sita kazini, akainua mkono. Haukufika juu. Uliishia begani, kiganja kikinielekea, kama mtu anayesimamisha gari huku akiogopa litasimama kweli.

"Nilitaka kusema Jumatatu," akasema. "Nilianza."

Nikakumbuka. Alisema, "Lakini wale wasio na tarehe..." nami nikamkata, "Sawa, tuendelee," hata sikumtazama. Nilikuwa natafuta chaja.

Jibu nilikuwa nalo ulimini: mbona hukurudia? Halikutoka. Ningependa kuwaambia ilikuwa busara. Ukweli ni kwamba sauti ilinikwama, na wenzangu wakauchukulia ukimya ule kuwa unyenyekevu. Nilichopata kusema ni, "Imalizie basi ile sentensi ya Jumatatu." Akaimalizia. Haikuchukua hata sekunde tano.

Tangu wiki ile nikawa nazungumza wa mwisho vikaoni, na aliyeingia karibuni ndiye anayeanza. Kitu kikiharibika tunaandika kilichotokea, si nani alikifanya. Nikawa pia nahubiri habari za Toyota, jinsi mfanyakazi yeyote kwenye mstari wa kuunganisha magari anavyoruhusiwa kuvuta kamba ya kuita msaada akiona kasoro. Mwenzangu akanivumilia wee, mwisho akasema: "Wale wakivuta, kiongozi huja kuwasaidia. Wewe wakivuta unakuja na uso gani?" Sikuwa na jibu. Miezi miwili ikapita bila mtu kuvuta kamba yangu.

Yule kijana aliondoka kabla mwaka haujaisha. Siku ya kuagana nilimuuliza kama ana lolote la kuniambia. Akasema hapana. Nikanyamaza kama nilivyojizoeza, nikihesabu moyoni hadi kumi ili nimwachie nafasi. Nilipofika saba akafunga zipu ya begi lake.