Wimbo mmoja kila siku: mbinu zilizonifikisha karibu na mwisho

Changamoto yangu ya kutunga na kurekodi wimbo mmoja kila siku imebakiza siku chache kuisha, na sasa nina hakika nitaifikisha. Nimeona niandike mapema, kabla sijapumzika, kwa sababu mbinu zilizonivusha bado ninazitumia kila siku na ninazikumbuka zilivyo.

Masharti niliyojiwekea ni machache. Wimbo uwe mpya, uwe na maneno na muziki, uwe na mwanzo na mwisho, na urekodiwe siku hiyohiyo. Ukiwa wa dakika moja, unahesabika. Ubora sikuuweka kwenye masharti kwa makusudi kabisa. Kuhukumu wimbo kuna wakati wake, na ukianza kuuhukumu ungali mstari wa pili, hautafika wa nne.

Kabla ya kuanza nilichunguza walivyofanya wengine. Ipo FAWM (February Album Writing Month, yaani mwezi wa Februari wa kutunga albamu), changamoto iliyoanza mwaka 2004, ambayo humtaka mtunzi atoe nyimbo 14 ndani ya mwezi wa Februari, yaani wimbo mmoja kila baada ya siku mbili. Ipo nyingine ya nyimbo 50 kwa siku 90. Yupo pia Jonathan Mann wa Marekani, aliyeanza kutoa wimbo kila siku tarehe 1 Januari 2009 na kuendelea hivyo kwa miaka mingi. Lakini aliyenisaidia zaidi ni wa zamani, mtunzi wa muziki wa Ujerumani Robert Schumann, ambaye mwaka 1840 peke yake alitunga zaidi ya nyimbo 100. Nilipomfuatilia nikagundua kwamba maneno hayakuwa yake. Alichukua mashairi ya washairi kama Heinrich Heine na Joseph von Eichendorff, akayatia muziki. Hapo nikaelewa kuwa maneno ni kazi kamili inayojitegemea, na kwamba nikisubiri maneno na mahadhi yanijie kwa pamoja nimekaa na gitaa, nitakwama wiki ya kwanza.

Kwa hiyo nikazitenganisha kazi hizo mbili. Maneno nayakusanya mchana kutwa, mstari mmojammoja, kwenye daftari dogo. Mahadhi nayanong'oneza kwenye kinasa sauti cha simu, mara nyingi nikiwa natembea. Jioni nikikaa kutunga, siko mikono mitupu. Nafungua daftari, natafuta mstari unaotaka kuimbwa, nauweka juu ya mahadhi yaliyopo, nasikiliza kama vinapatana. Siku ambazo ghala lilikuwa tupu zilikuwa ngumu kuliko zote, na mara nyingi zilikuja baada ya siku ambayo sikuandika mstari hata mmoja mchana.

Kuna jambo moja la maneno ambalo ningependa kila anayetunga kwa Kiswahili alizingatie, maana limeniokolea muda mwingi sana. Mkazo wa neno letu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza kiambishi nyuma, mkazo unahama. Rudi mkazo uko kwenye ru. Rudia umehamia di. Rudiana umekwenda kwenye a. Sasa fikiria umetunga kiitikio ambacho pigo zito la mdundo linaangukia ru, kisha ukabadilisha kitenzi kidogo tu ili maana ikae vizuri. Pigo linabaki palepale, mkazo umeondoka, na msikilizaji anasikia neno limepinda hata kama hajui kwa nini. Zamani nilikuwa nikilazimisha. Siku hizi kabla ya kushika ala nausoma mstari kwa sauti kama ninayeongea na mtu, napiga kofi kwenye mikazo, halafu ndipo natafuta mahadhi yanayofuata makofi yale. Mahadhi yanapatikana haraka zaidi namna hiyo, na sauti inapata pa kupumua.

Vina navyo vina mtego wake. Maneno yetu huishia kwa irabu, na vitenzi vingi kwa a, basi unaweza kupanga pendana, onana, kumbukana hadi wimbo uishe bila kusema kitu. Nikajiwekea sharti dogo: nisioanishe kitenzi na kitenzi chenye kiambishi kilekile. Nitafute jina, kielezi, au hata neno la mshangao. Nyimbo ninazozipenda zaidi katika changamoto hii zimetokana na sharti hilo, kwa sababu nikitafuta kina kigumu mara nyingi ninaangukia wazo ambalo sikuwa nimelifikiria.

Upande wa kurekodi, siri kubwa ni kutofunga vifaa. Maikrofoni inakaa kwenye stendi yake saa zote, nyaya zimechomekwa, na kwenye programu ya kurekodia nina faili tupu lililokwisha pangwa: treki ya gitaa, ya besi, ya ngoma, mbili za sauti. Nikifungua tu, naanza. Kama ningelazimika kuunganisha vifaa upya kila jioni, nguvu ingeishia hapo.

Narekodi kwa biti 24, kipimo cha jinsi sauti inavyohifadhiwa kwa undani, na naacha kilele cha sauti kifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha juu kabisa ambacho rekodi inaweza kubeba. Wengi wanaogopa kwamba sauti itakuwa ndogo. Kwa biti 24 kuna nafasi ya kutosha, unaipandisha baadaye bila kuleta mvumo wa maana. Ila ikivuka sifuri wakati wa kurekodi, kilele cha wimbi kinakatwa, sauti inapasuka, na huna namna ya kuirudisha ilivyokuwa. Maikrofoni naiweka umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni. Zile zinazonasa zaidi upande wa mbele huongeza besi unapozisogelea, jambo zuri kwa wimbo wa kunong'ona, lakini katika wimbo wa kupaza sauti maneno yanazama.

Kitu kingine ni ule ucheleweshaji unaousikia masikioni unapoimba. Programu huhifadhi sampuli kadhaa, yaani vipande vidogo sana vya sauti, kabla ya kuzitoa. Ukiweka 128, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo ni kama milisekunde 3, huwezi kuzihisi. Ukiacha 1,024 inafika takriban milisekunde 23, na hiyo inatosha kumtoa mwimbaji kwenye mdundo. Ninaposhusha idadi hiyo kompyuta inalemewa kidogo, kwa hiyo narekodi kwanza, kisha nairudisha juu wakati wa kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja.

Sauti naimba mara tatu tu. Katika hizo tatu nachagua moja, na kama ina doa nachukua mstari kutoka kwenye nyingine. Kumiksi nako kuna kikomo cha muda, saa ikilia naacha. Naamini kwa dhati kwamba kikomo hiki kimenifundisha kusikia kuliko miaka yote niliyokuwa nikisokota vitufe hadi usiku wa manane, kwa sababu sasa lazima niamue kipi kinaubeba wimbo. Karibu kila mara ni sauti ya mwimbaji na kitu kimoja kingine. Hivyo viwili vikikaa sawa, vilivyobaki vinajipanga.

Katikati ya changamoto nilifika mahali pagumu. Nilisikiliza nyimbo kadhaa mfululizo nikakuta zinafanana: kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zilezile nne kwenye gitaa, kiitikio kinaanzia noti ya tano ya skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, na kushuka. Mkono una mazoea yake, na usipoubughudhi utakupeleka njia uliyoizoea kila jioni. Nilichofanya ni kuunyang'anya njia. Siku moja nililegeza waya mzito wa gitaa kutoka E hadi D, na kodi zangu za kawaida zikawa hazipigiki tena. Siku nyingine nilianza na ngoma peke yake. Nyingine nikaanza na besi, nikaimba juu yake bila kodi yoyote, na wimbo ule ukabaki hivyohivyo kwa sababu haukuhitaji kingine. Kubadili hesabu ya mdundo kutoka nne kwa nne kwenda sita kwa nane kulinisaidia hata zaidi, maana maneno yenyewe yalianza kuja kwa urefu tofauti.

Koo lilichoka pia. Mwimbaji akiimba kila siku hana budi kulilinda, kwa hiyo nikapanga nyimbo za juu zisifuatane. Baada ya wimbo wa kupaza, kesho yake natunga wa sauti ya chini au wenye ubeti wa kughani. Sauti ikipata mikwaruzo nashusha ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, sibishani nayo.

Sasa mwisho umekaribia na vimekuja vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuweka akiba wazo zuri kwa ajili ya wimbo wa kufungia. Nimekataa. Wazo likija leo linatumika leo, kwa sababu kuliweka akiba kunaifanya siku ya leo iwe ya kutimiza wajibu tu. Cha pili ni kurudi kurekebisha nyimbo za mwanzo, ambazo nikizisikiliza najua kabisa ningezifanyaje. Hizo naziandikia maelezo mafupi pembeni, kisha nafunga faili. Saa moja ya kurekebisha wimbo wa zamani inatoka kwenye wimbo wa leo.

Kila faili nimelipa jina linaloanza na tarehe, mwaka kwanza, kisha ufunguo na kasi ya mdundo, na kila usiku nanakili kazi ya siku kwenye diski mbili tofauti. Ni kazi ya dakika chache, nami siwezi kuthubutu kulala kabla sijaifanya.

Nikimaliza nitaziacha nyimbo zote kwa wiki kadhaa bila kuzigusa. Kisha, kabla ya kuzisikiliza, nitakaa na karatasi niandike viitikio ninavyovikumbuka kwa kichwa. Nyimbo za viitikio hivyo ndizo nitakazorekodi upya na wapigaji wengine, kwa ngoma halisi, tukichukua muda wote tunaouhitaji. Kwa leo nina kiitikio tayari na ubeti wa kwanza. Natafuta ubeti wa pili, na maikrofoni imekwisha washwa.