Kitabu Alichoniletea Mjomba

Mwaka 2020 shule zote za Uganda zilifungwa mwezi Machi, na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sekondari, nikarudi nyumbani Malaba, mpakani na Kenya. Hakuna aliyejua kwamba shule hazingefunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Vitabu vilivyokuwemo nyumbani nilivimaliza mapema, nikaanza kuvirudia.

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine anapitiliza mpaka Juba. Msimu ule madereva walikuwa wakiogopwa kama ugonjwa wenyewe. Kila mmoja alipaswa kupimwa korona kabla ya kuvuka, majibu yalikuwa yanachelewa, na upande wa Kenya foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita. Mama yangu, aliyekuwa akiwapikia wali na maharage, alifunga kibanda, maana waliovuka hawakuruhusiwa kusimama hovyo. Mjomba akipita, tunapungiana mikono kutoka ng'ambo ya barabara.

Jioni moja alisimamisha lori kidogo, akaweka mfuko wa plastiki juu ya jiwe, akapiga honi na kuondoka. Ndani kulikuwa na riwaya ya Kiingereza aliyoinunua kwa wauza mitumba wa vitabu kule Mombasa. Jalada lilikuwa na chombo cha angani kikuukuu, kina viraka ubavuni, kinaelekea sayari nyekundu. Nyuma iliandikwa kwamba ni hadithi ya kuchekesha kuhusu wachukuzi wanaopeleka shehena Mirihi. Mama hakuniruhusu kukigusa. Alikianika juani kutwa nzima, akakigeuza upande wa pili adhuhuri kama muhogo, ndipo akanipa.

Niseme wazi nilivyokitamani. Nilikuwa naipenda anga tangu mwalimu wetu wa fizikia alipotuchorea mizunguko ya sayari ubaoni, na mwezi Julai redio ilikuwa imejaa habari za Mirihi. Vyombo vitatu viliondoka mwezi huo mmoja, cha Falme za Kiarabu, cha China na cha Marekani, kwa sababu Dunia na Mirihi hukaa vizuri kwa safari mara moja tu katika kila miezi 26 hivi. Ukichelewa, unasubiri. Sasa nimeletewa riwaya ya watu wanaobeba mizigo kwenda huko huko! Mimi ni mtoto wa mpakani. Watu wote ninaowapenda wanakula kwa sababu kuna lori limefika. Niliona kwamba mtu ameandika habari za watu wetu na kuwapandisha angani.

Kurasa za mwanzo zilinipa raha kweli. Nahodha anabishana na kompyuta ya chombo kuhusu sukari ya chai, kompyuta inamnunia, nami nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kuna nini. Kisha sura ya pili inaisha nahodha akifunga mkanda, na sura ya tatu inaanza yuko kwenye baa, Mirihi. Nikarudi nyuma nikidhani kuna kurasa zilizochomoka. Hazikuchomoka. Safari yenyewe haikuandikwa.

Chombo halisi cha Marekani kilikuwa bado njiani usiku ule ninasoma. Kiliondoka Julai 30, na kilikuja kutua Februari 18, 2021, baada ya kilomita milioni 470 hivi. Karibu miezi saba! Fikiria wachukuzi wanne ndani ya chumba kimoja kwa miezi saba: nani anamaliza kahawa, nani anakoroma, nani anadaiwa. Hapo kuna vichekesho vya kitabu kizima, naye mwandishi akaviruka vyote.

Lililoniuma zaidi ni simu. Nahodha anampigia mkewe aliye Duniani, wanagombana neno kwa neno, kama watu waliosimama mlango mmoja. Lakini mawimbi ya redio yanachukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari hizo mbili zimekaa wapi. Hebu ugomvi huo uandikwe inavyostahili. Mke anatuma matusi. Kabla hayajafika, mume, asiyejua lolote, anatuma maneno matamu ya kuomba radhi kwa jambo la jana. Matusi yanampata, anawaka, anajibu kwa ukali, na wakati huo huo radhi yake inamfikia mkewe, naye anaanza kulia kwa furaha, anatuma busu. Ni nani asingecheka? Sayansi ilikuwa imempikia mwandishi kichekesho, naye hakukionja.

Halafu mpishi wa chombo akaanguka nje, angani, na wenzake wakatania kwamba leo watakula chakula cha maana. Sura inayofuata mpishi yupo, anakaanga vitunguu. Hakuna aliyeuliza amerudije. Tangu hapo nilisoma ili kumaliza tu.

Mjomba alipopiga simu, akiwa amekwama foleni nyingine, aliniuliza: "Enhe mama, wale madereva wa angani wamefika?"

Nikamwambia wamefika.

"Mafuta walijaza wapi?"

Kitabu hakisemi.

"Mzigo ulikuwa nini?"

Hakisemi, kinasema masanduku tu.

"Na karatasi nani aliwagongea mhuri?"

Nilinyamaza, naye akacheka kwa upole, akanipa pole. Kisha akanisimulia kuhusu dereva mwenzake katika ile foleni. Alinyoa ndevu vizuri ili awe nadhifu siku ya kupimwa. Majibu yalipotoka, askari wa mpakani akatazama picha, akatazama uso, akamkatalia: ndevu zilikuwa zimefika kifuani. Tulicheka mpaka salio la simu likaisha. Najua mjomba alizirefusha zile ndevu. Lakini foleni ilikuwa ya kweli, na yule dereva alikuwa na watoto wanaomsubiri, kwa hiyo kicheko chetu kilikuwa na uzito.

Kitabu nikampa binti wa jirani, rafiki yangu tangu shule ya msingi, kwa kumpitishia juu ya ukuta. Yeye alikipenda. Tulibishana hapo ukutani, barakoa zikiwa kidevuni, akisema mtu aliyefungiwa nyumbani anataka kucheka, na si kila hadithi inahitaji kituo cha mafuta. Alikuwa na haki ya kutaka kucheka. Hata mimi nilikuwa nataka kucheka, tena sana. Nikamwambia anionyeshe ukurasa mmoja tu ambao mwenzake yeyote alishtuka mpishi alipoanguka. Alizipekua kurasa mbele na nyuma, akaupata wa vitunguu, akausoma kwa sauti, akasema kwamba pale pana upungufu kidogo, lakini ile kompyuta inayonuna hakubali mtu yeyote aiseme vibaya. Kuhusu kompyuta tulikubaliana.