Maji Matupu, Moto Mkali na Makapi ya Miwa

Mara ya kwanza nilipofungua silinda ya chuma cha pua ambamo nilikuwa nimepasha makapi ya miwa na maji matupu hadi nyuzi 230 za Selsiasi kwa nusu saa, sikuhitaji kipimo chochote kunijulisha kwamba nimechelewa. Chumba kizima kilinuka sukari guru iliyosahauliwa jikoni, pamoja na ukali wa siki, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Sukari niliyoitafuta ilikuwa imetoka kweli, lakini sehemu yake kubwa ilikwisha kugeuka kitu kingine.

Kinu cha miwa hukamua juisi tu. Kuta za seli zinazobaki katika makapi nazo zimejengwa kwa sukari. Selulosi, ambayo hufikia karibu asilimia 40 ya makapi makavu, ni mnyororo mrefu wa glukosi. Hemiselulosi, karibu robo, ina zailosi, sukari ya aina nyingine, kwa wingi. Lignini ndiyo gundi inayovishikanisha, nayo haina sukari.

Maji yanayozuiwa kwa kanieneo yasigeuke mvuke hubadilika tabia. Kwenye nyuzi 250, ambako yanahitaji kanieneo karibu mara 40 ya lile la hewa ili yabaki kimiminika, ioni za haidrojeni ndani yake huwa zaidi ya mara 20 ya zile za maji ya nyuzi 25, kwa hiyo hukata minyororo kama asidi hafifu. Mmea wenyewe pia huchangia, kwa kuwa hemiselulosi inapofumuka huachia asidi ileile iliyomo katika siki, na asidi hiyo huharakisha kazi iliyobaki. Ndiyo maana hemiselulosi hutoka mapema, kwenye nyuzi 180 hadi 200. Selulosi ni kaidi: minyororo yake imepangana kama fuwele, na moto unaotosha kuivunja unatosha pia kuiharibu glukosi inayozaliwa.

Kazi niliyoisoma mara nyingi kuliko zote ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, nchini Japani, waliyoichapisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walionyesha kwamba chini ya nyuzi 350 hivi glukosi huharibika haraka kuliko selulosi inavyovunjika, ilhali karibu na nyuzi 400, ambako maji yamevuka ukomo wake wa nyuzi 374 na si kimiminika wala mvuke, mambo hugeuka, na selulosi hutangulia. Sharti lake ni kwamba mchanganyiko upashwe na kupozwa ndani ya muda usiofika sekunde moja. Nusu saa yangu ilikuwa kichekesho.

Wengine hawajihatarishi hivyo. Katika kiwanda cha majaribio kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Kalundborg, Denmaki, maji ya moto yalilegeza mabua ya ngano tu, kisha vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, vikaachiwa kazi ya kuikata selulosi. Nadhani njia hiyo ina busara zaidi, ingawa vimeng'enya vina gharama, na furfurali, kemikali inayotokana na zailosi iliyoungua, hudhoofisha hamira pale sukari inapotakiwa kuwa ethanoli. (Huko Sezela, Afrika Kusini, furfurali hiyohiyo hutengenezwa kwa makusudi kutokana na makapi ya miwa na kuuzwa, hasara yangu ni bidhaa yao.)

Viwanda vyetu vya sukari, kama TPC karibu na Moshi, Tanzania, huchoma makapi ili kupata mvuke na umeme, kwa hiyo sukari yoyote ya maji ya moto itashindanishwa na boila ambayo tayari inafanya kazi. Kupasha maji mengi ili kupata maji yenye sukari kidogo ni gharama kubwa, na kuyapunguza hufanya rojo iwe nzito isisukumike kwa pampu.

Sasa natumia mrija mwembamba, na maji baridi huingia mwishoni kuukatiza moto ghafla. Zailosi imeongezeka na harufu imepungua. Shida iliyobaki ni mchanga wa shambani uliomo katika makapi: huziba mrija, nami hulazimika kuyaosha na kuyachuja kabla ya kila jaribio, kazi inayomeza asubuhi nzima kwa ajili ya sekunde chache za moto.